Wazee wa Bwami na kazi ya mikono mingi

Mtu wa Bukavu akisikia neno «mwami» anafikiri mara moja mfalme: mwami wa Kabare, mwami wa Ngweshe, mtu mmoja mwenye kiti chake. Lakini akipita Mwenga na kushuka katika pori la Warega, atasikia watu wanaita bami wanne ao watano katika kijiji kimoja, na hakuna hata mmoja kati yao aliye mfalme. Kwa Kirega, mwami ni mtu aliyeingia katika Bwami. Tunapenda kuanzia hapo, kwa sababu vijana wengi waliozaliwa mjini wamesahau tofauti hiyo, na anayeisahau hawezi kuelewa habari tunayotaka kuleta hapa, habari ya wazee waliokuwa wanatengeneza sanaa pamoja.

Warega wanakaa katika misitu ya teritware za Mwenga na Shabunda katika Kivu ya Kusini, na Pangi katika Maniema, kando ya mito kama Elila na Ulindi. Zamani hawakuwa na mtawala mmoja aliyewashika wote. Kila ukoo ulikuwa na wakubwa wake, na juu ya koo hizo kilichounganisha watu kilikuwa Bwami. Majirani wetu nao wanaijua: Wabembe wanayo, Wanyindu wanayo, Wasongola wanayo, kila mmoja kwa namna yake. Afisa mmoja Mbeleji, Delhaise, alitoa kitabu juu ya Warega mwaka wa 1909, na tayari alikuwa ameiona. Aliielewa kadiri afisa wa Leta wa nyakati zile alivyoweza kuelewa, maana yake kidogo.

Bwami ni ngazi. Mwanamume aliyekwisha kupita tohara ya bwali anaweza kuanza: kongabulumbu, kansilembo, ngandu, halafu yananio, halafu kindi. Yananio na kindi nazo zina madaraja ndani yake. Wanawake wana ngazi zao tatu, bombwa, bulonda na bunyamwa. Hakuna anayezaliwa kindi. Mtu anapanda kidogo kidogo, kwa miaka mingi, na kila mara anapotaka kupanda ukoo wake wote unatoka jasho: nyama ya kugawa, chumvi, mafuta, mbuzi, na zamani ile pesa ya vipande vya konokono tuliyoiita musanga, iliyotungwa katika kamba. Mtu mwenye ugomvi na shemeji zake, ao mtu wa choyo, ao mlevi, alisimama chini tu, sababu hakuna aliyekubali kumsaidia. Njo maana waliofika juu kabisa walikuwa wachache, na kawaida walikuwa wazee. Kindi alikuwa mtu aliyekwisha kujaribiwa na maisha, na watu walikuwa wamemtazama kwa miaka thelathini ao arobaini kabla ya kumvalisha kofia yenye mkia wa tembo.

Sasa, kwa nini tunaita jambo hili sanaa, tena sanaa ya wazee wakiwa pamoja? Mtu akienda katika muzeo ya Ulaya ataona nyuma ya kioo kisanamu kidogo cha pembe ya tembo, urefu wa kiganja, kichwa kikubwa, uso wenye umbo la moyo, macho ya duara ndogo yaliyotobolewa. Chini wameandika «Lega», na jina la nchi. Mgeni anapita, anasema kizuri, anaendelea. Anadhani ameona kazi yenyewe. Kwetu, ile aliyoona ni kama mtu kuona ngoma imetundikwa ukutani na kusema amesikia muziki. Kazi yenyewe ilikuwa siku ambapo wazee thelathini walikaa na kutoa vitu vyao katika mifuko.

Tuielezee siku hiyo, bila kufunua yale yasiyotakiwa kufunuliwa. Bami wamekuja kutoka vijiji vingi, wengine wametembea siku mbili. Wamekaa katika mistari kwa kufuata cheo. Kila mmoja ana mfuko wake begani. Kuna pia kapu la pamoja, ambalo si la mtu. Ndani ya kapu mna nini? Mtoto akichungulia atasema takataka: kucha za kakakuona, manyoya ya ndege, mdomo wa ndege wa msituni, gamba la kobe, fuvu la nyani, kipande cha gome, jani kavu, kibuyu. Na katikati ya hivyo, vitu vilivyochongwa. Vyote pamoja vinaitwa masengo, vitu vizito. Uzito huo hauko katika mizani.

Mwalimu wa ngoma anachukua kitu kimoja, tuseme gamba. Anaimba methali, wengine wanamjibu, ngoma inapiga, yeye anacheza ile methali kwa miguu na mikono. Anayeingizwa anatazama. Hakuna anayemwambia maana yake moja kwa moja. Anapewa gamba tena na methali nyingine, na lile gamba la kwanza limekuwa na maana ya pili. Halafu linawekwa karibu na mdomo wa ndege, na maana inageuka tena. Hivyo usiku mzima, ao siku tano, ao zaidi. Mtu mwenye akili anaanza kuona kwamba anafundishwa jinsi ya kukaa na watu: kutokula peke yake, kutochukua mke wa mwenzake, kutotukuza umri wake bila kuwa na neno la kusema. Mjinga anaona gamba.

Tuchukue lukwakongo, sababu huyo ndiye anayejulikana sana. Ni kinyago kidogo cha mti, kimepakwa mpemba nyeupe usoni, na chini kimeshonewa ndevu ndefu za nyuzi. Ni cha bami wa juu katika yananio. Wazungu waliona kinyago wakafikiri ni cha kuvaa usoni. Kumbe uso wa mtu mzima hauingii hata nusu. Siku ya kukitumia, kila mzee alileta chake, na wote waliviweka kazi pamoja. Walikishika kwa ndevu na kukiburuta chini. Walikiweka juu ya goti, juu ya bega, pembeni ya uso kwenye panda. Walivitundika juu ya ua, vingi vidogo vikizunguka kimoja kikubwa, kile tunachoita idimu, ambacho ni cha jamii yote. Mwishoni walivirundika kama mifupa. Kila mkao ulikuwa na neno lake. Vinyago vyenyewe ni vya waliokufa: uso wa baba, uso wa babu, kila mmoja umeshikwa na mtu wa uzao wake. Mzee aliyekaa pale na ndevu mkononi alikuwa anajua kwamba siku fulani mtu mwingine atakaa hapo na kushika ndevu zizo hizo kwa ajili yake.

Angalia sasa ni nani msanii katika hayo. Mchongaji alikuwapo, ndiyo. Alikuwa fundi, alipewa kazi na kulipwa, na mara nyingi hakuwa hata na cheo kikubwa. Alichonga kwa urahisi, mistari michache, vitone, msalaba, na akampelekea mwenyewe. Waandishi wa muzeo wanalalamika kwamba majina ya wachongaji wa Kirega hayajulikani. Tunakubali ni hasara, lakini tusimdanganye mtu: wazee wenyewe hawakuona kwamba kazi imekwisha pale kisu kilipowekwa chini. Ilikuwa bado kuanza. Kisanamu kipya cheupe kama mfupa hakikuwa na maana. Kilipakwa mafuta, kikasuguliwa, kikapakwa tena, mkono kwa mkono, ngoma baada ya ngoma, mpaka kikageuka rangi ya asali, halafu nyekundu, halafu kahawia yenye kung'aa. Mafuta yale yale bami walijipaka katika mwili siku ya sherehe. Kitu na mtu waling'aa pamoja. Kwa Kirega neno ni busoga, na busoga haitenganishi uzuri na wema. Mtu hawezi kusema kitu kina busoga kama kimetengenezwa vizuri lakini kinatumiwa na mtu mbaya. Rangi ile nyekundu ambayo wauzaji wa Brussels na Paris wanaitafuta sana, na wanaongeza bei kwa ajili yake, ni alama ya vidole vya wazee wa vizazi vitatu ao vinne. Hiyo ndiyo maana ya mikono mingi.

Visanamu vya pembe, iginga kwa kimoja na maginga vikiwa vingi, ni vya kindi. Kila kimoja kinaweza kubeba jina na tabia. Kuna Sakimatwematwe, Bwana Vichwa Vingi, mwenye nyuso zinazotazama pande mbalimbali: ni mzee anayeona mbele na nyuma, anayesikia pande zote mbili kabla ya kukata neno. Kuna mwenye mkono mmoja ulioinuliwa juu, mpatanishi, aliyekwisha kuamua mambo makubwa. Kuna Wayinda, mwanamke mwenye mimba aliyezini, na kwa kosa hilo anaharibu alicho nacho tumboni. Kuna mzee aliyepinda mgongo. Wengine wanashangaa: kwa nini kutengeneza sanamu ya mtu mwovu kwa pembe ya thamani hivi? Wazee walijibu kwa kukicheza. Mfano wa ubaya ulishikwa mkononi na watu waliokataa ubaya, na anayeingizwa alijiuliza yeye ni nani kati ya wale waliolala pale juu ya mkeka. Tena kisanamu hicho hicho, ngoma nyingine, kijiji kingine, kiliweza kuimbiwa methali tofauti. Mtu akituuliza «hiki maana yake nini?», jibu la kweli ni: kilikuwa mkononi mwa nani, siku gani, karibu na nini?

Hatuwezi kupita bila kumtaja ikaga, kakakuona. Warega wanasema ndiye aliyefundisha watu kuezeka nyumba, kwa kuwa magamba yake yamepangwa kama majani juu ya paa. Hakuwindwa hovyo. Aliyemuua ao kumkuta amekufa hakwenda naye nyumbani kimya. Ilibidi bami wakusanyike na kumgawa kwa desturi. Leo magamba ya mnyama huyo yanauzwa kwa magendo mpaka Asia. Watunza mazingira wanakuja na semina kutufundisha kwamba asiuawe. Wazee wanawasikiliza kwa adabu.

Na wamama? Vitabu vingi vinawapa ukurasa mmoja, ni aibu. Mwanamume hakuweza kupanda mpaka juu bila mke wake kuingizwa naye. Kanyamwa, mwanamke aliyefika bunyamwa, alikuwa mke wa kindi, na heshima yake ilikuwa karibu sawa na ya mume. Cheo hicho kilimfunga mume pia: hakuweza kumfukuza kama kitu cha kuchoka nacho, kwani walikuwa wamepanda pamoja na ukoo mbili zilikuwa zimelipa. Wamama walikuwa na nyimbo zao, ngoma zao, siri zao ambazo waume hawakuziingilia. Sehemu kubwa ya uimbaji katika sherehe iliwategemea. Ngoma isiyo na sauti ya wamama inabaki kavu. Mzee yeyote atasema hivyo, hata yule mwenye kiburi.

Tuseme pia juu ya mali. Sanaa hii haikuwa na soko. Kapu la pamoja lilitunzwa na yule aliyeingizwa mwisho katika cheo, lakini kwa niaba ya wote. Akija mwingine nyuma yake, linahamia kwake. Hivyo kapu lilizunguka kati ya vijiji, na kila mtunzaji alipaswa kujua kilichomo na maneno yake, akipoteza kimoja ataulizwa. Hata kile cha mtu binafsi kilikuwa cha mtu kwa kukopa tu. Kindi akifa, vitu vyake viliwekwa kwa muda kaburini, halafu vikapewa ndugu yake atakayepanda. Mara nyingine pembe ilikwanguliwa kidogo, unga wake ukachanganywa na maji na kunyweshwa mgonjwa, sababu nguvu ya watu wengi ilikuwa imeingia humo. Njo maana visanamu vingine katika muzeo vimelika upande mmoja. Vililiwa na waliotaka kupona.

Watu wanaofikiri desturi ni kitu kilichoganda wasome hapa vizuri. Bami walipokea vipya bila hofu. Shanga na simbi zilipokosekana, vifungo vya shati vilishonwa katika kofia, na vilipendeza. Aluminiamu ilikatwa na kung'arishwa. Balbu ya taa iliyokufa iliingia katika kapu, na mwanasesere wa plastiki aliyetupwa na mtoto wa muzungu. Balbu ni laini, inang'aa, ndani ni tupu: kwa mwenye methali, hiyo ni kazi nzuri sana. Tunapenda kuwakumbusha hilo wale wanaotuambia kila mwaka kwamba kitu cha kweli ni kile cha zamani peke yake.

Shida ilitoka kwa Leta. Migodi ya zahabu ilifunguliwa Kamituga, na ya bati Kalima, na makampuni yalitaka mikono ya vijana. Shamba za lazima nazo zilitaka watu. Mkuu wa teritware akiona watu mia mbili wamekaa siku saba wakila na kuimba, aliona siku za kazi zimepotea. Akiona wazee wanakutana usiku na hawataki kusema kilichosemwa, aliona siasa. Misioni nazo, za Kikatoliki na za Kiprotestanti, ziliona ushenzi. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na sababu zote zilikutana. Kwa miaka mingi bami walisumbuliwa, na mwaka wa 1948 serikali ya Wabeleji ilitoa amri ya kuvunja Bwami kabisa.

Bwami haikuvunjika kwa karatasi. Ilihama kwenda ndani zaidi ya pori, sherehe zikawa fupi, vitu vikafichwa. Lakini jambo moja lilivunjika kweli: mzunguko. Vitu vilivyozoea kwenda mkono kwa mkono vilianza kulala. Mtoto wa kindi aliyebatizwa na kusoma kalasi ya misioni aliona haya kupokea mfuko wa baba yake, ao aliogopa gereza. Na muzungu mwenye pesa alikuwa anapita. Vingine vilinyang'anywa, vingine viliuzwa kwa bei ya kaptula, vingine vilitolewa kwa mtu aliyeonekana kuwa na adabu.

Mmoja wa waliokaa na wazee kwa subira ni Daniel Biebuyck, Mbeleji, aliyefanya utafiti kati ya Warega katika miaka ya 1950, wakati amri ile ilikuwa bado ya moto. Wazee walikubali aone ngoma. Kitabu chake kikubwa, Lega Culture, kilitoka mwaka wa 1973, kwa Kiingereza, katika Marekani. Ni yeye aliyeonyesha wasomi wa nje kwamba kitu bila methali yake na bila ngoma yake si kitu. Hatusemi kila neno lake ni sawa. Mtu wa Pangi na mtu wa Mwenga wenyewe hawakubaliani. Lakini leo mtoto wa Kirega akitaka kujua babu yake alicheza nini, mara nyingi itambidi atafute kitabu hicho, tena kwa lugha ambayo babu hakuijua. Ni ajabu, na inauma kidogo.

Vitu vyenyewe viko wapi? Vingi viko Tervuren, Ubeleji. Vingi viko Los Angeles, katika muzeo ya Fowler ya chuo kikuu, ambapo maonyesho makubwa ya sanaa ya Kirega yalifanywa mwaka wa 2001. Sehemu kubwa ilikusanywa na Jay Last, mmoja wa watu waliotengeneza vidude vya kwanza vya kompyuta katika Kalifornia, aliyefariki mwaka wa 2021. Vile vile Paris, katika muzeo ya quai Branly, kulikuwa na maonyesho ya pembe za Kirega mwishoni mwa 2013 na mwanzo wa 2014. Mtu huyo wa kompyuta, wanasema wanaomjua, alivipenda kwa moyo. Hatumkasirikii. Lakini fikiria: vinyago mia vimesimama kila kimoja juu ya chuma chake, vikitazama mbele, vyote kimya, vile ambavyo vilizoea kuburutwa kwa ndevu.

Na kutengeneza vingine upya? Tembo wamekwisha katika sehemu nyingi za nchi yetu, na tangu 1989 mataifa yalikubaliana kufunga biashara ya pembe. Tunaona ilikuwa lazima. Mti bado uko, mfupa uko, balbu ziko. Kinachokosa ni siku saba za utulivu.

Utulivu huo vita viliuchukua. 1996, halafu 1998. Agosti 1998, huko Kasika, mwami wa Luindi aliuawa pamoja na padri, masista na mamia ya raia. Novemba 1999, katika Mwenga, wamama 15 waliteswa na kuzikwa hai. Tunayaandika hapa kwa sababu watu wanapouliza «desturi imepotea namna gani?», wanangoja jibu la polepole, la kalasi na redio na kanisa. Kumbe kuna vijiji ambako ilipotea kwa siku moja. Mzee anayekimbia na wajukuu katika pori la Shabunda anabeba sufuria na chumvi. Mfuko wa masengo unazikwa chini ya mti, na akirudi, kama anarudi, mti haujulikani tena. Mwingine amefia Bukavu ao Kindu, katika nyumba ya mabati, kati ya majirani wasiojua kwamba mtu huyu alikuwa amefika kindi.

Sasa kuna mabishano kati yetu wenyewe, na hatutaki kuyaficha. Wengine katika chama wanasema: tuandike yote, turekodi sauti, tupige picha, kabla wazee hawajaisha. Wengine, na kati yao kuna watoto wa bami, wanajibu: mambo ya Bwami yanapatikana kwa kupanda ngazi, anayeyasoma katika kijitabu cha franka chache atakuwa ameiba, tena hatakuwa ameelewa, kwani hakulipa, hakungoja, ukoo wake haukutoka jasho. Pande zote mbili zina haki. Sisi tunaegemea upande wa kwanza, lakini kwa mpaka: nyimbo za siri tunaziacha, na mzee akisema «hapo simama», tunazima mashine. Upande wa pili nao unapaswa kujibu swali hili: kama hakuna wa kuingiza na hakuna wa kuingizwa, siri hiyo inalindwa kwa ajili ya nani?

Swali hilo limekuwa kali zaidi tangu Februari 2022, serikali ya Ubeleji ilipoikabidhi serikali yetu orodha ya vitu karibu 84.000 vilivyo Tervuren, na mwaka ule ule bunge lao lilipopitisha sheria ya kurudisha vile vilivyochukuliwa vibaya. Watu walipiga vigelegele. Tupige, ndiyo. Lakini lukwakongo akirudi na kuwekwa nyuma ya kioo Kinshasa, amebadilisha kioo. Ili arudi kweli anahitaji watu kumi na tano wa umri mkubwa, kutoka vijiji mbalimbali, wanaojua kumshika, na wamama wa kuwaitikia. Watu hao wako bado, wachache, Kamituga, Kitutu, Pangi, wengine mjini kwa watoto wao. Wana miaka themanini na zaidi. Magoti yanauma, sauti imekuwa nyembamba, lakini ukiwakutanisha wawili tu na kuwapa kitu mkononi, mmoja anaanza na wa pili anamsahihisha.

Kwa hiyo ombi letu kwa wasomaji wenye mzee wa namna hiyo nyumbani ni la kazi tu. Msimuulize «eleza Bwami»; swali hilo litamchosha na atajibu kama katekisimu. Mpeni picha ya kisanamu, ao kijiko cha pembe, kalukili, kama kipo, ao hata gamba la kobe. Mmwache akishike kwanza. Muandike alikishika kwa mkono gani, alikiweka wapi, alikigeuza upande gani kabla ya kusema neno. Muandike kijiji cha aliyemfundisha. Na kama kuna mzee mwingine katika mtaa, hata wa ukoo mwingine, hata kama wamenuniana tangu zamani, mmtafutie kiti na kumleta.